Jua, upepo, maji, jotoardhi au samadi: chagua kwa kuangalia mwezi mbaya

Anayetaka kuchagua chanzo cha nishati jadidifu kwa kawaida huanza kwa kuuliza kipi ni bora, na hapo ndipo anapopotea. Muuza paneli atamwambia jua. Mwenye mto atamwambia maji. Wote wawili watakuwa wanasema kweli ya mahali pao. Mimi naona swali lenye faida ni hili: katika mwezi mbaya kuliko yote ya mwaka, chanzo hiki kitanipa nini, na kikiharibika nani atakitengeneza? Kwenye mwezi mzuri kila chanzo kinapendeza. Miradi hufia kwenye mwezi mbaya.

Tukubaliane kwanza kwamba hakuna masika yasiyo na mbu. Silikoni ya paneli huyeyushwa kwa joto kali linalokula umeme mwingi, mtambo wa upepo husimama juu ya msingi mzito wa saruji na chuma, na bwawa huzamisha bonde zima. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilipiga hesabu mwaka 2014 ya hewa chafu yote inayotoka tangu kutengeneza mtambo hadi kuubomoa, kwa kila uniti moja (kilowati-saa) ya umeme. Kiwango cha kati cha makaa ya mawe kilikuwa gramu 820, na gesi asilia 490. Mashamba makubwa ya paneli yalipata 48, jotoardhi 38, maji 24, upepo 11 au 12. Usihangaike na tofauti kati ya 11 na 48. Tofauti kati ya 48 na 820 ndiyo inayoamua hali ya hewa watakayoikuta wajukuu zetu. Kinachobaki ni kuchagua kati ya vyanzo vizuri kile kitakachokufaa wewe.

Jua

Jua lina sifa ambayo vyanzo vingine vyote havina: halibagui mahali. Kila paa linalipata, tofauti ni kiasi tu. Tena paneli haina kitu kinachozunguka ndani yake, haina gia wala beringi, haihitaji mafuta. Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilitoka maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka 1954, ikigeuza asilimia 6 tu ya mwanga kuwa umeme. Paneli za kawaida sokoni leo hugeuza asilimia 20 hadi 23. Hupungukiwa nguvu kwa takriban nusu asilimia kila mwaka, hivyo baada ya miaka 25 bado inafanya kazi nzuri. Na bei imeporomoka: kati ya 2010 na 2023 gharama ya uniti moja kutoka mashamba makubwa ya sola ilishuka kwa karibu asilimia 90 duniani. Hakuna chanzo kingine unachoweza kuanza nacho kwa kipande kimoja leo, ukaongeza kingine mwakani.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Chukua nyumba yenye taa sita za LED za wati 8 zinazowaka saa tano, friji dogo linalokula uniti 1 kwa siku, televisheni ya wati 60 kwa saa tano, na simu za kuchaji. Jumla ni kama uniti 1.6 kwa siku. Paneli ya wati 425, mahali panapopata mwanga wa kutosha sawa na saa 5 za jua kali, huzalisha uniti 1.6 hivi ukishatoa robo inayopotea kwa joto, vumbi, waya na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kwenye vyombo vya nyumbani. Kwa hesabu hiyo paneli moja inatosha, na mara nyingi ndivyo mteja anavyoambiwa. Ngoja uingie mwezi wa mawingu, mwanga ushuke hadi sawa na saa 2 na nusu. Paneli ile ile inatoa uniti 0.8, wakati friji peke yake linataka 1. Nyumba hii inahitaji paneli mbili, na ile ya pili inanunuliwa kwa ajili ya majuma machache tu ya mwaka.

Wengi pia hudhani kwamba joto likizidi, umeme nao unazidi. Mwanga ndio unaoleta umeme, joto linaupunguza. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi. Ikilala juu ya bati saa sita mchana huweza kufika 65, na kwa kila nyuzi moja inayozidi 25 hupoteza asilimia 0.3 hadi 0.4 ya nguvu yake. Nyuzi 40 za ziada ni hasara ya asilimia 14 hivi. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huacha nafasi kati ya bati na paneli ili hewa ipite. Fundi huyo huyo atakuuliza kuhusu mti ulio upande wa pili wa ua, kwa sababu kivuli cha tawi kikikaa juu ya seli chache tu kinaweza kuzima theluthi ya paneli nzima.

Ubaya mkubwa wa jua unaujua kila mtu: usiku. Na usiku unalipiwa kwa betri. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 200 imeandikwa uwezo wa uniti 2.4, lakini ikiwa ni ya risasi na asidi usichote zaidi ya nusu, la sivyo utaizika mapema. Kwa hiyo umenunua uniti 1.2. Ya lithiamu na fosfeti ya chuma unaweza kuchota asilimia 80 au 90, na hudumu kwa maelfu ya mizunguko ya kuchaji na kutumia, ilhali ile ya risasi ikitumiwa kila siku huanza kuchoka baada ya miaka michache. Ya lithiamu ni ghali siku ya kununua. Ukigawa bei kwa uniti zote utakazopata hadi ife, mara nyingi ndiyo rahisi. Inveta nayo ina maisha yake, kwa kawaida miaka 10 hadi 15, kwa hiyo katika umri wa paneli utainunua tena angalau mara moja. Mtu akikwambia sola ikishafungwa haina gharama, ana maana ya paneli peke yake.

Kuna jambo linalosahaulika: kama unachotaka ni maji ya moto, huna haja ya umeme kabisa. Kipashio cha maji cha juu ya paa, chenye mabomba meusi chini ya kioo, hukamata nusu au zaidi ya nguvu ya jua kama joto, wakati paneli ingekamata moja ya tano kama umeme. Kutengeneza umeme ili uugeuze tena kuwa joto la kuogea ni kuzunguka mbuyu.

Upepo

Ukiuweka upepo kando ya jua, tofauti ya kwanza ni kwamba upepo unachagua mahali, tena kwa ukali mno. Nguvu yake hukua kwa kipeo cha tatu cha kasi. Maana yake ni kwamba kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nane. Chukua mtambo mdogo wenye kipenyo cha mita 2. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, ule unaotikisa majani na vijiti vidogo, utaupa wati 35 hivi, sawa na taa nne. Upepo wa mita 8 kwa sekunde utaupa karibu wati 290. Mtambo ni ule ule, nguzo ni ile ile, kilichobadilika ni mahali au msimu. Ndiyo maana maneno ya jirani kwamba "hapa upepo ni mwingi" hayatoshi. Upepo hupimwa kwa kipima upepo kilichofungwa kwenye urefu utakaotumika, kwa mwaka mzima kama inawezekana.

Wala usidhani teknolojia itakuja kufuta kanuni hii. Mjerumani Albert Betz alionyesha mwaka 1919 kwamba hakuna mtambo unaoweza kuchota zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaoupitia, kwa sababu hewa lazima ibaki na mwendo wa kuondokea. Kilichobaki kwa wahandisi ni kurefusha mabawa na kuinua nguzo. Bawa likirefushwa maradufu, eneo linalofagiwa linakuwa mara nne. Ndiyo maana mitambo mipya ya baharini ina kipenyo kinachozidi mita 200, na ndiyo maana pia vile vitambo vidogo vinavyofungwa juu ya paa la nyumba huwa havileti kitu: paa huvuruga upepo, na upepo uliovurugika hutikisa mtambo bila kuuzungusha vizuri. Kanuni ya mafundi ni kwamba mabawa yawe angalau mita 9 juu ya kizuizi chochote kilicho ndani ya mita 100 hivi. Nguzo ya namna hiyo mara nyingi inagharimu sawa na mtambo wenyewe, na siku ya ukarabati lazima mtu apande juu au nguzo ilazwe chini.

Katika ukubwa wa nchi, habari hubadilika kabisa. Denmark, iliyojenga shamba la kwanza la upepo la baharini huko Vindeby mwaka 1991 kwa mitambo 11, leo hupata zaidi ya nusu ya umeme wake kutokana na upepo. Uwanja uliochukuliwa na mashamba ya nchi kavu unaendelea kulimwa na kulishwa mifugo, jambo ambalo shamba la paneli haliruhusu kwa urahisi. Upepo pia hauzimiki jua linapozama, na kuna nchi nyingi ambako huvuma kwa nguvu katika miezi ile ile ambayo jua limenyong'onyea. Vyanzo hivi viwili vikifungwa pamoja, kila kimoja huziba pengo la mwenzake.

Lakini upepo mzuri una tabia ya kuvuma mbali na watu. Mradi wa Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, ulikamilisha mitambo yake mwaka 2017, kisha ukakaa zaidi ya mwaka mzima ukisubiri njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400. Mabawa yalikuwepo, upepo ulikuwepo, waya haukuwepo. Ongeza hapo malalamiko ya kelele kwa wanaoishi karibu, popo na ndege wanaogongwa, migogoro ya ardhi, na mabawa ya nyuzi za kioo na gundi ambayo mpaka leo ni magumu kuyarejeleza. Kwa mwenye nyumba moja, rai yangu iko wazi: anza na jua, na ufikirie upepo pale tu vipimo vinapokuambia hivyo.

Maji

Maji ndiyo mkubwa wa ukoo huu. Mwaka 2024 yalitoa karibu asilimia 14 ya umeme wote wa dunia, upepo asilimia 8 na jua 7. Tabo la maji, yaani gurudumu la mabapa linalozungushwa na maji, hugeuza kama asilimia 90 ya nguvu ya maji kuwa mwendo katika mitambo mikubwa, na hakuna chanzo kingine hapa kinachokaribia. Bwawa pia ni ghala. Umeme ukihitajika saa moja usiku, unafungua lango na baada ya dakika chache upo.

Uzuri wa maji madogo haujulikani vya kutosha, na hapa nataka kukaa kidogo. Chukua kijito kinachoweza kujaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde moja, na mahali ambapo maji yanashuka mita 10 za wima. Nguvu iliyomo ni wati 1,960. Mtambo mdogo ukichota asilimia 60, unabaki na wati 1,200 hivi. Ukitazama juu juu utasema hizo ni paneli tatu tu za wati 425. Lakini maji hayalali. Kwa saa 24, wati hizo ni uniti 28. Paneli tatu, kwenye siku nzuri, zitakupa uniti 4.8. Na kijito kikipungua hadi robo wakati wa kiangazi, bado una karibu uniti 7 kwa siku, mradi mtambo uliundwa kustahimili maji machache. Hata betri haihitajiki sana. Mwenye kijito chenye mteremko na kisichokauka anakalia hazina, na asiuziwe paneli kabla hajakipima.

Kasoro za maji madogo ni za kila siku: majani yanayoziba chujio, mchanga unaokwangua mabapa ya tabo, mafuriko yanayong'oa mlango wa maji, na majirani wa chini wanaotaka mto wao ubaki na maji. Ruhusa ya kuchepusha maji ni ya kutafutwa kwanza, kabla ya kuchimba mtaro.

Kasoro za maji makubwa ni za namna nyingine na lazima zisemwe bila kuzungusha. Bwawa la Three Gorges nchini China, lenye megawati 22,500, lilihamisha watu zaidi ya milioni moja. Kariba, kwenye mto Zambezi kati ya Zambia na Zimbabwe, iliwahamisha watu wa Tonga wapatao 57,000 mwishoni mwa miaka ya 1950. Waliohamishwa wengi hawakupata umeme wa bwawa lililozamisha mashamba na makaburi yao, na kwa maoni yangu hiyo ni deni ambalo hesabu za gramu za hewa ukaa hazilioni. Bwawa la Banqiao, pia China, lilibomoka Agosti 1975 baada ya mvua ya kimbunga na kuua makumi ya maelfu ya watu. Katika nchi za joto, mimea iliyozama huoza bila hewa na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto. Matope nayo hujaa taratibu na kula nafasi ya maji.

Halafu kuna ukame, ambao ndio mwezi mbaya wa maji, isipokuwa huu unaweza kudumu miaka. Zambia hutegemea maji kwa sehemu kubwa mno ya umeme wake. Mvua zilipokosekana mwaka 2024 na Kariba ikashuka, viwanda na nyumba zilikaa gizani kwa saa nyingi kila siku. Kosa halikuwa la maji. Kosa lilikuwa kutegemea mto mmoja kwa kila kitu, tena katika zama ambazo mvua haziaminiki kama zamani.

Jotoardhi

Hiki ndicho chanzo kisichojali mawingu, usiku wala kiangazi. Joto la chini ya ardhi hugeuza maji kuwa mvuke, mvuke unazungusha tabo, na maji yaliyopoa yanarudishwa chini. Mtambo mzuri hufanya kazi kwa asilimia 80 hadi 90 ya saa zote za mwaka, wakati paneli nyingi hazifiki hata asilimia 25. Ukiuliza swali langu la mwezi mbaya, jotoardhi linajibu kwamba halina mwezi mbaya.

Kazi ilianza Larderello, Italia, mwaka 1904, pale Piero Ginori Conti alipowasha balbu tano kwa mvuke wa ardhini. Iceland hupashia joto karibu nyumba zake tisa kati ya kila kumi kwa maji ya ardhini. Kenya ilianza Olkaria mwaka 1981, na leo jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 hadi 45 ya umeme wa nchi nzima.

Mbona basi si kila nchi? Kwa sababu joto lililo karibu na uso wa dunia linapatikana hasa kwenye mipasuko ya gamba la ardhi na penye volkano. Pili, kisima kinachimbwa kilomita 2 au 3 kwenda chini, kwa mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kikavu. Benki haipendi kukopesha shimo ambalo bado halijaonyesha mvuke, kwa hiyo serikali ndizo zinazobeba hatari ya mwanzo. Gesi ya salfa hutoka na harufu ya mayai yaliyooza, na ikizidi ni sumu. Visima navyo huchoka vikichotwa kwa pupa. Mahali ambapo miamba hupasuliwa kwa kusukumiwa maji kwa nguvu, ardhi imewahi kutikisika: huko Basel, Uswisi, mradi ulisimamishwa kwa sababu ya matetemeko ya mwaka 2006, na tetemeko la Pohang, Korea Kusini, la mwaka 2017, lilihusishwa na mradi wa aina hiyo baada ya uchunguzi. Jotoardhi ni la nchi na makampuni. Mtu binafsi halinunui, lakini mpiga kura anaweza kulidai.

Samadi, kuni na mabaki ya shamba

Hapa lazima tutenganishe vitu viwili vinavyowekwa kapu moja: kuchoma kuni na kutengeneza biogesi, yaani gesi ya kupikia inayotokana na kinyesi na mabaki yanayooza.

Kuni na mkaa ni jadidifu ikiwa miti inapandwa kwa kasi inayokatwa, na mara nyingi haipandwi. Moshi wake ndani ya jiko ni muuaji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, huku wanawake na watoto wakibeba mzigo mkubwa zaidi, na kwamba watu zaidi ya bilioni 2 bado wanapikia nishati chafu. Katika hesabu zile za IPCC, kuzalisha umeme kwa mimea kulifika gramu 230, mbali sana na upepo. Kulima mazao kwa ajili ya mafuta ya magari nako kunashindania ardhi na chakula. Sioni sababu ya kulipigia debe hili ikiwa una njia nyingine.

Biogesi ni habari nyingine, na mfugaji anapaswa kuitazama kabla ya chochote. Kilo moja ya kinyesi cha ng'ombe hutoa kama lita 40 za gesi. Kilo 25 ni mita moja ya ujazo, na hiyo hupika kwa saa mbili hadi tatu kwenye jiko moja bila moshi wala masizi. Tope linalotoka upande wa pili ni mbolea inayoweza kwenda moja kwa moja shambani. Tena gesi inajihifadhi yenyewe ndani ya tangi, usiku na mchana, bila betri. Kwa kupikia, ambako paneli na betri hulemewa haraka, biogesi inashinda wazi.

Masharti yake ni haya. Wanyama walale zizini, maana kinyesi kilichotapakaa malishoni hakikusanyiki. Maji yawepo, kwa kuwa kinyesi huchanganywa na maji kiasi sawa. Kaya inayochota maji mbali itachoka. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 15, bakteria hupooza na gesi hupungua. Mtu lazima alishe mtambo kila siku kama anavyolisha mfugo mwingine, na mitambo mingi iliyokufa ilikufa kwa kukosa mtu huyo. Na bomba linalovuja ni balaa mara mbili, kwanza la moto ndani ya nyumba, pili la methani angani, gesi inayopasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksaidi ukipima kwa miaka 100.

Bahari

Mawimbi na kupwa na kujaa vina nguvu kubwa, na kupwa na kujaa kuna ratiba inayojulikana miaka kabla. Bado ni vya wachache. Mtambo wa La Rance, Ufaransa, unafanya kazi tangu 1966 kwa megawati 240, na Sihwa, Korea Kusini, tangu 2011 kwa megawati 254. Chumvi hula vyuma, mchanga hujaa, na ghuba zenye maji yanayopanda juu vya kutosha ni chache. Anayechagua leo anaweza kuiacha bahari.

Uchaguzi wenyewe

Kwa nyumba moja mjini au kijijini, jua ndilo la kuanzia, kwa umeme wa taa, friji na vyombo vidogo. Kabla ya paneli, badilisha vinavyokula: kuondoa balbu ya wati 60 na kuweka ya LED ya wati 8 ni rahisi kuliko kununua wati 52 za ziada pamoja na betri yake. Ikiwa umeme wa gridi upo na unakatika mara chache, betri ndogo inatosha. Kama gridi haipo, weka pesa zaidi kwenye betri kuliko unavyotamani kuziweka kwenye paneli. Kupikia usikupakie juu ya mfumo mdogo wa sola. Tafuta biogesi ikiwa una mifugo zizini.

Kwa shule, zahanati, karakana au kijiji kizima, pima kijito kwanza, kisha jua, kisha upepo. Mashine ya kusaga au ya kuchomelea inahitaji nguvu kubwa ya ghafla inapowaka, mara kadhaa ya ile inayotumia ikishazunguka, na maji huibeba vizuri kuliko inveta ndogo. Palipo na kijito kidogo na jua la kutosha, unganisha vyote viwili: mara nyingi kiangazi kinachopunguza maji ndicho kinachosafisha anga.

Kwa nchi, ningeweka jotoardhi au maji kama nguzo palipo navyo, kisha nirundike upepo na jua juu yake, na nisiruhusu chanzo kimoja kipite nusu bila njia ya kuuziana umeme na jirani. Denmark inaweza kuegemea upepo kwa sababu ina nyaya hadi Norway, ambako mabwawa huwa kama betri yake. Mabwawa mawili, moja juu na moja chini, yanaweza pia kutunza umeme wa ziada: maji yanasukumwa juu mchana jua likiwa jingi, yanaachiwa usiku, na katika kila uniti 10 zilizotumika kuyapandisha hurudi 7 au 8. Nchi isiyo na milima itategemea betri kubwa, ambazo bado zinafaa kwa saa chache kuliko kwa majuma.

Kabla ya kutoa pesa, mtake muuzaji akuandikie kwenye karatasi uniti utakazopata kwa siku katika mwezi mbaya, si wati za paneli wala kasi ya juu ya upepo. Muulize kipuri gani huharibika kwanza na kinapatikana wapi. Mtake fundi atakayekifunga, akuonyeshe mahali fyuzi na waya wa ardhi vitakapokaa. Na ikiwa chanzo chako ni kijito, subiri kiangazi kikolee, chukua ndoo na saa, pima mara kadhaa kwa siku tofauti, ndipo uagize mtambo. Ukiona huwezi kusubiri mpaka wakati huo, nunua paneli mbili uanze nazo, kwa sababu zitabaki kukufaa hata kijito kikija kukubali.